Riale ya bibi, merikani ya bibi, na suala la mtu kuwa wa nani

Bibi yangu wa Wete alipofariki mwaka juzi, kasha lake tulilifungua siku ya tatu baada ya hitima, ufunguo alikuwa nao shangazi miaka yote na hakumpa mtu. Tulidhani mna dhahabu, wallahi. Mlikuwa na kanga mbili hazijavaliwa, chupa ya marashi imekauka, hati ya shamba la mikarafuu ambayo ndio iliyoleta maneno baadae (hayo siyaandiki humu, jamaa zangu wanasoma), na chini kabisa kipande cha merikani kimegeuka rangi kama chai ya maziwa, kimepigwa fundo, na ndani ya fundo riale moja ya fedha, nzito kama jiwe la mizani.

Watoto wakaanza kubishana picha ya nani. Mmoja anasema malkia wa Uingereza, mwengine anasema Bibi Maryamu, baba yangu na utu uzima wake akasema huyo mke wa Mjarumani. Shangazi akasema hiyo ni riale ya mahari ya bibi yake bibi, basi, nyamazeni. Mimi nikaipiga picha kwa simu nikaanza kutafuta, na bando langu la wiki likaisha usiku ule ule.

Yule bibie mnene wa kwenye riale anaitwa Maria Theresa, mtawala wa Austria, amekufa 1780. Na kila riale yake utakayoikamata ina mwaka 1780 hata kama imepigwa miaka mia baadae, mana wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemen, Oman na huku kwetu walishaizoea sura ile na mwaka ule, ukiwaletea yenye sura nyengine wanaikataa hata kama fedha yake safi. Basi Vienna, mji mkuu wa Austria, wakaendelea kumpiga chapa marehemu, gramu 28 kila moja, zikapanda meli zikaja zao. Sisi ndio mpaka leo neno letu la madini na neno letu la pesa ni moja, fedha.

Merikani nayo mnaijua, kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, jina lake limetoka huko huko kilikotoka. Sayyid Said alitiliana saini mkataba na Marekani 1833, mjumbe wao alikuwa Edmund Roberts, na 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, akashuka Unguja. Miaka mitatu baadae, 1840, meli ya Sayyid, Sultanah, ikatia nanga New York na Ahmad bin Naaman ndani yake. Wao walitaka pembe, sandarusi na karafuu, sisi tukavaa merikani, hata kitambaa kilipoanza kuja kutoka kwengine jina likabaki lile lile. Mimi mtoto nilijua merikani ni kitambaa kabla sijajua kama kuna nchi.

Sasa lililonikaa kichwani ni hili. Himaya moja, Austria, imeleta sarafu, jamhuri moja, Marekani, imeleta kitambaa, vikafungwa fundo moja Wete. Je wao wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakijuana? Nimeshaandika sana humu juu ya Oman na Mngereza, leo nipeni ruhusa niende mbali kidogo, nikirudi nitarudi na ami yangu.

Walikuwa wakijuana, lakini hawapendani. Mkataba wa biashara 1829, wawakilishi rasmi 1838, Mmarekani wa kwanza kupelekwa Vienna kwa kazi hiyo akiitwa Henry Muhlenberg, huko hakuna kisa. Kisa kiko kwenye tabia zao. Huku Marekani nchi imejitoa kwa mfalme na inajisifu kwa hilo kila siku, huku Austria ukoo wa kifalme wa Habsburg umetawala karne na karne, chini yake Wajarumani, Wahungaria, Wacheki, Waslovakia, Wapoland, Wakroatia, Waserbia, Waslovenia, Waromania, Waitalia, Waukraine, na pia Waislamu wa Bosnia, mwisho wake watu kama milioni 50 na lugha zaidi ya kumi. Mtu mmoja tu, Franz Joseph, alikaa kwenye kiti toka 1848 mpaka alipokufa 1916. Hebu fikiri, amekaa kabla ya kufa Sayyid Said, kaondoka masultani kadhaa wameshapita Unguja.

Na 1867 Waaustria na Wahungaria wakakaa wakapatana: mfalme mmoja, serikali mbili, mabunge mawili, na wizara tatu tu za pamoja, mambo ya nje, vita, na fedha ya hayo mawili. Mzanzibari akisoma hapo lazima acheke kidogo peke yake, sie mambo ya muungano tunayajua toka skuli. Huko kwao kila miaka kumi walikaa upya kubishana nani atoe kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja. Sisemi kitu.

Turudi nyuma kidogo. 1848 Wahungaria waliinuka wakataka nchi yao, kiongozi wao Lajos Kossuth, na 1849 Mfalme wa Austria akaita jeshi la Mrusi likaja kuwazima. Rais wa Marekani Zachary Taylor alikuwa ameshampeleka mtu wa siri, Dudley Mann, akaangalie kama Wahungaria wanashinda ili Marekani iwe ya mwanzo kuwatambua. Hawakushinda. Lakini Vienna wakaipata khabari ya yule mtu wa siri wakawaka, mwakilishi wao Washington akiitwa Hülsemann akaandika barua ya kulalamika, na waziri wa mambo ya nje wa Marekani Daniel Webster akamjibu Disemba 1850 barua ndefu ambayo ndani yake anamwambia kwamba ukilinganisha na Marekani, nchi zote za ukoo wa Habsburg ni kiraka tu juu ya uso wa dunia. Balozi anaandikiwa hivyo! Hapo baraza ya kahawa ingeinuka watu wakashikana kanzu. Kossuth mwenyewe alipofika New York Disemba 1851 alipokelewa kama bwana harusi, kila mji anahutubia, na Kiingereza chake alijifundisha gerezani, wanasema kwa Biblia na Shakespeare. Makofi alipigiwa mengi. Manowari na jeshi alilolitaka hakupewa, mwaka uliofuata akaondoka.

Ila kisa ninachokipenda mimi, nimekisoma mara nne, ni cha mtu mdogo tu, Martin Koszta. Huyu alikuwa mmoja katika waliopigana upande wa Kossuth, wakashindwa, akakimbilia Uturuki, kutoka huko akaenda Marekani. 1852 akaenda mbele ya mahakama New York akatangaza kwamba anakusudia kuwa raia. Anakusudia tu, bado hajawa. Mwaka wa pili akasafiri kwenda Smyrna, ndio Izmir ya leo, kwa shughuli zake. Juni 1853 akakamatwa na watu waliolipwa na ubalozi mdogo wa Austria, wakamrusha baharini, mashua ya manowari ya Austria ikamuokota, akafungwa pingu ndani ya meli. Vienna wanasema huyu wetu, ni mhaini, tunakwenda nae kwetu.

Ikawa bahati manowari ya Marekani, St. Louis, imeingia bandari ile ile, nahodha wake Duncan Ingraham. Akapanda kwenye meli ya Waaustria akamuona mtu kafungwa. Akauliza akaambiwa huyo kakusudia kuwa Mmarekani. Basi tarehe 2 Julai Ingraham akageuza mizinga yake, akapeleka salamu kwamba ikifika saa kumi jioni mtu huyu hajatolewa, napiga. Bandari imejaa meli za kila taifa, watu wa Smyrna wako ufukweni wanatazama, na wenye nchi, Waturuki, hakuna aliewauliza. Mwisho wakakubaliana Koszta apewe balozi mdogo wa Ufaransa amuweke mpaka wakubwa waelewane, na baada ya miezi akarudishwa Marekani. Ingraham akapewa medali na Kongresi.

Nimekaa na kisa hichi muda, mana mizinga ilikuwa karibu kulia kwa suala moja tu: huyu mtu wa nani? Himaya inasema aliezaliwa chini yangu ni wangu mpaka kaburini, hakuna kutoka. Jamhuri inasema mwenye kukusudia kuwa wetu tumeshamfunika nguo. Na Koszta mwenyewe yuko ndani ya meli na pingu zake, hajui leo jioni atakuwa nani.

Hapa ndipo anapoingia ami yangu.

Ami aliondoka Pemba mwishoni mwa miaka ya sabini, usiku, kwa jahazi, mpaka Mombasa. Hakuaga mtu isipokuwa bibi, na bibi alimpa mkate wa mofa na maji tu, kwa sababu akimpa zaidi jirani atajua. Mombasa, Dubai, mwisho London, kazi za usiku, kuosha vyombo kwanza, baadae kuendesha basi. Miaka ya tisini akachukua uraia wa Uingereza kwa sababu bila ule hawezi kwenda kokote, na sheria yetu mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyengine wa kwetu unamtoka, uraia pacha hatuna. Hela zake ndio zilizoezeka nyumba ya Wete mabati, ndio zilizonisomesha mimi. Bibi alipofariki akapata khabari asubuhi, sisi tunazika alasiri, hatuwezi kumsubiri na yeye mwenyewe alisema zikeni. Kaja siku ya pili. Uwanja wa ndege Unguja akapanga foleni ya wageni na watalii wenye suruali fupi, akatoa dola 50 za viza. Kijana wa uhamiaji akamuuliza, mtoto mwenye adabu kabisa, mzee sababu ya safari? Ami akasema maziko ya mama. Kijana akakaa kimya kidogo, akasema pole mzee, innalillahi, akagonga muhuri. Kwenye ile karatasi pakaandikwa mtalii.

Kijana simlaumu, alifanya kazi yake. Lakini usiku ule tuliokuwa tumekaa uani ami akaniambia, mie huko miaka arubaini naulizwa original yako wapi, na nikija hapa naulizwa unakaa siku ngapi.

Basi nilipofika kwenye mkataba wa 1870 nikamsomea kwa simu. Mana hata hao wababe wawili mwisho walichoka kugombania watu, Septemba 1870 wakatia saini Vienna: mtu wa himaya akikaa Marekani miaka mitano mfululizo na akachukua uraia, himaya inamkubali kuwa ni Mmarekani. Akirudi kutembea hawamshiki kwa kule kuhama. Ila kama alishaandikishwa jeshi akatoroka, hapo wanaye, anajibu. Na wengi ndio hasa walichokimbia, jeshi. Ami akacheka, akasema hata Kaizari alikuwa na huruma.

Nikisema wababe walichoka msidhani walipendana. 1885 Rais Cleveland alimteua Anthony Keiley wa Virginia kuwa mwakilishi Vienna, Vienna wakakataa kwa sababu mkewe Myahudi na ndoa yao ya kiserikali, wakasema watu wa daraja lao hawatompokea nyumbani. Washington wakajibu kwamba katiba yao haiwaruhusu kumpima mtu kwa dini, wala ya mkewe. Keiley hakwenda.

Lakini wakati mabwana wakubwa wanagombania nani ataalikwa chakula, watu wanahama. Hapa ndipo nilipopotea kabisa kusoma. Vijiji vya himaya ile, huko Galicia, Slovakia na Kroatia, ardhi inagawiwa kwa urithi mpaka kila ndugu anabakiwa na kipande cha kufugia kuku (wenye mashamba ya mikarafuu mnanielewa), na huku Pennsylvania machimbo ya makaa na viwanda vya chuma vinataka mikono. Mtu wa kwanza anakwenda, anaandika barua, anatuma tiketi, kijiji kinaisha. 1907 peke yake waliingia Marekani watu zaidi ya laki tatu na thelathini elfu kutoka himaya ile, na kwa ile miaka kumi, 1901 mpaka 1910, wakapita milioni mbili. Wengi nia yao haikuwa kuhama, nia yao ni miaka miwili mitatu, warudi wanunue ng'ombe na shamba, na wengi kweli walirudi. Maneno ya ami vile vile, yeye aliondoka kwa miaka miwili.

Wengi walipandia meli Hamburg na Bremen, lakini Hungaria nao wakataka abiria wapite bandari yao wenyewe, Fiume, leo inaitwa Rijeka iko Kroatia. 1904 kampuni ya Cunard ikaanza safari Fiume mpaka New York. Na nani alikuwa wakala wa ubalozi mdogo wa Marekani pale? Kijana wa miaka ishirini na moja, Fiorello La Guardia, mama yake mtu wa Trieste, anazungumza Kitaliana, Kijarumani, Kikroatia, basi kila anaekuja anamuelewa. Yeye akaona kitu ambacho wakubwa zake hawakukiona: watu wanauza ng'ombe, wanasafiri bahari nzima, wakifika Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, daktari anawatazama macho anasema una trakoma, rudi. Maskini wa Mungu anarudishwa na hana tena ng'ombe. La Guardia akasema hapandi mtu hapa mpaka daktari amuangalie hapa hapa. Wakala wa meli wakamchukia, wakubwa zake wakamuona mkorofi, lakini akashikilia. 1906 akaacha kazi, akarudi New York, akawa mkalimani pale pale Ellis Island, na 1934 akawa meya wa mji. Uwanja wa ndege una jina lake. Hivi katika hao mabalozi wote waliopeana kadi Vienna na Washington nyinyi mnamkumbuka nani?

Na ile njia ya Fiume ina jambo jengine ambalo nilipolijua nilimuamsha mke wangu. Aprili 1912 meli ya Carpathia ilitoka New York inakwenda Mediterania mpaka Fiume, abiria wake watu wanarudi kwao na wengine matembezi yao, usiku ikasikia Titanic inaita. Ndio ile iliyogeuza ikawaokota watu mia saba na kitu. Meli ya wahamiaji. Mke wangu akasema sawa, zima taa.

Huko wakifika sasa wanaitwaje? Hapa Mzanzibari hafundishwi. Sie mtu akija kutoka Shihr tunamwita Mshihiri hata kama kwao ni bonde la Hadhramaut siku kadhaa kutoka baharini. Mtu wa Oman Mmanga, Mhindi wa kila aina Banyani ukikosa kumjua. Wamarekani nao Mslovakia, Mkroatia, Mhungaria, wote wakawaita jina moja la dharau, Hunky. Mpaka 1899 maofisa wa uhamiaji wakaamua kuandika kabila la mtu mbali na nchi aliyotoka, mana ukiandika Austria peke yake hujaandika kitu. Kuna watu waliojijua wao ni Waslovakia wakiwa Pittsburgh, kule kijijini walikuwa wakijijua kwa jina la kijiji na kanisa lao tu. Mimi mwenyewe Upemba wangu niliujua nilipokwenda kusoma Dar.

Septemba 1897, Lattimer, Pennsylvania, wachimba makaa kama mia nne wanaandamana hawana silaha, mbele wamebeba bendera ya Marekani. Wapoland, Waslovakia, Walithuania. Mkuu wa usalama wa kaunti na watu wake wakafyatua risasi, wakafa 19, wengi wamepigwa kwa nyuma. Himaya ikadai fidia, mana miongoni mwa waliokufa ni watu wake. Marekani ikakataa, walioshitakiwa wakaachiwa. Hapa mambo yamegeuka, mnaona? Kwa Koszta jamhuri iligeuza mizinga kwa mtu aliekusudia tu kuwa wake. Kwa hawa, waliobeba bendera yake, ikasema hawa si wangu kulipa. Na ile himaya iliyokuwa ikiwatafuta kwa jeshi ndio iliyowasimamia wakishakufa. Hii ndio sehemu iliyonitia hasira na sina mzaha nayo.

Kisha vita vya 1914. Marekani bado haijaingia lakini viwanda vyake vinatengeneza mizinga na risasi kwa Mngereza na Mfaransa, na wanaozitengeneza ni nani? Wahungaria na Waslovakia wa viwandani, yaani wanatengeneza risasi za kwenda kuwaua kaka zao. Balozi wa himaya Washington, Constantin Dumba, akaona kwamba hao watu ni wetu, sheria yetu inawashika, tuwaambie kwa magazeti yao waache kazi, tuchochee migomo kwenye viwanda vya chuma vya Bethlehem, ile ya Pennsylvania. Akaandika barua Vienna kueleza mpango. Ikapelekwaje? Akampa mwandishi wa habari wa Kimarekani, Archibald, aitie begini. Meli ikasimama Uingereza, Falmouth, Mngereza akapekua, barua hii hapa. Balozi mzima! Watoto wa Darajani wanaopitisha simu za magendo wana akili zaidi. Septemba 1915 Rais Wilson akataka aondolewe. Aliekuja badala yake, Tarnowski, alifika mwanzoni mwa 1917 hata hati zake za ubalozi hazikupokelewa, Aprili uhusiano ukavunjika, na tarehe 7 Disemba 1917 jamhuri ikatangaza vita na himaya.

Na hapa sasa wahamiaji wakafanya jambo ambalo hakuna Kaizari wala rais aliewatuma. Mwishoni mwa Mei 1918, Pittsburgh, mji wa moshi na chuma, Wacheki na Waslovakia wa Marekani wakakaa na Tomáš Masaryk, ambae mkewe mwenyewe Mmarekani, Charlotte Garrigue, mtu wa Brooklyn, na jina la mkewe alilitia katikati ya jina lake (sheikh wangu ukisoma hapa usipige simu), wakatia saini makubaliano ya kuwa na nchi moja. Nchi haipo bado. Watu wanaipanga wakiwa wako bahari ya pili, na michango yao ya mishahara ya viwandani. Novemba mwaka ule himaya ikasambaratika, Masaryk akawa rais wa Chekoslovakia. Nikasema subhanallah, ile himaya iliwaona hawa watu ni mikono ya jeshi iliyotoroka, kumbe ndio waliokwenda kuandika wasia wake.

Jamhuri nayo usidhani ilifungua mlango kwa furaha. 1924 wakatunga sheria ya kugawa nafasi za wahamiaji kwa mwaka: Austria watu 785, Hungaria watu 473. Mia saba themanini na tano, nyumba zetu za Wete mtaa mmoja. Miaka 17 nyuma ilikuwa zaidi ya laki tatu. Koszta angekuja mwaka ule sijui angejiandikisha wapi.

Haya yote nilimhadithia ami kwa vipande, simu za usiku, yeye yuko kwenye mapumziko ya zamu. Mwezi wa sita alirudi tena kwa kugawa yale mambo ya shamba. Siku ya kuondoka shangazi akatoa kasha, akafungua lile fundo mbele yetu sote, akamwambia ami wewe ndie mkubwa, riale chukua wewe. Ami akaishika, akamtazama yule bibie mnene, akaigeuza upande wa pili wenye tai mwenye vichwa viwili, akaipima kwa kiganja kama anavyopimwa samaki. Akasema hii nikipita nayo uwanja wa ndege wataniuliza yangu au ya nchi. Akamrejeshea.

Shangazi akaifunga tena kwenye merikani, akakaza fundo kwa meno. Akasema ukirudi utaikuta.

Ami akasema, nikirudi kwa viza?

Tukacheka wote mpaka baba akakohoa. Shangazi yeye hakucheka, akafunga kasha, akatia ufunguo kwenye pindo la kanga, akauliza nani hajanywa chai, mana gari ya Chake inapita saa mbili na haingoji mtu.